Goti la Ami Salim

Wiki iliyopita nilikwenda kung'olewa jino. Daktari alipolipaka dawa lile pengo, harufu ya mafuta ya karafuu ikanipanda puani, nikaanza kulia. Masikini akadhani ananiumiza, akaniomba radhi, nami nikamwacha aendelee kuniomba, maana si kila siku mtu mzima wa Birmingham anamnyenyekea msichana wa skuli wa miaka kumi na saba. Lakini si jino lililoniliza. Lilikuwa goti, na goti lenyewe si langu.

Lilikuwa la Ami Salim, mdogo wake baba. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, mie nikiwa na miaka minane, tulikuwa tunakaa Winson Green, karibu na ukuta wa jela, na baba alipenda kuwaambia wageni kwamba sisi ndio tuliopangiwa upande wa nje, kwa sasa. Ami alikuwa akisoma ufundi wa mitambo kwenye chuo kimoja hapa mjini, na kila Jumamosi aliichezea timu ya chuo. Alikuwa fulbeki wa kushoto, yule anayesimama karibu na golikipa kuhakikisha winga wa wenzao hapiti. Alikuwa mwembamba, suruali zake zote zinamvuka, lakini mawinga walimjua.

Mashabiki wakubwa wa timu hiyo hawakuwa wanachuo. Walikuwa ukumbini kwetu, Ijumaa jioni, wamezunguka moto wa makaa. Alikuwapo baba, ambaye Unguja alikuwa na duka la vitambaa na huku alikuwa anafagia kiwanda. Alikuwapo Anko Njoroge, Mkenya, muuguzi wa hospitali, mtu wa sauti ya chini aliyezoea kusema na wagonjwa. Na walikuwapo wanafunzi wawili watatu wa Bara, waliokuja kwa ajili ya mpira wakarudi tena kwa ajili ya maandazi ya mama.

Maandazi hayo ndiyo yaliyokuwa kikosi. Baba aliyapanga juu ya sinia, golikipa huku, mabeki hapa, washambuliaji kule mbele, kisha mjadala ukaanza: nani kaumia, nani ana mtihani, nani wa akiba. Chuo kilikuwa na washambuliaji wa kumwaga na mabeki wa kuhesabu. Mie kazi yangu ilikuwa kuwala majeruhi. Baba akisema, "Winga wa kulia kateguka," namtafuna winga wa kulia. Siku moja nilimla kepteni akiwa mzima wa afya, na mjadala ukasimama mpaka mama alipoleta kepteni mwingine kutoka jikoni.

Baba alicheka siku hiyo hadi akajifuta macho. Nalitaja hilo kwa sababu siku nyingine hakuwa akicheka. Alirudi kutoka kiwandani, akakaa na koti lake mwilini, akautazama moto kama mtu anayesubiri kuitwa. Ijumaa tu ndipo tulipoyaona meno yake.

Basi wiki moja ya baridi kali, Ami alirudi kutoka mazoezini goti limevimba. Mama akapasha mafuta ya karafuu, baba akakunja mikono ya shati akalichua mwenyewe, jioni baada ya jioni, kama babu alivyokuwa akiwachua wao walipoanguka. Alichua kwa mapenzi, kwa nguvu, huku akisoma dua. Nyumba nzima ikanuka, mapazia yakanuka, mwalimu wangu akaniuliza kama kwetu tuna maumivu ya meno. Ami aliuma mto na kusema, "Ahsante, kaka, linalegea."

Ijumaa Anko Njoroge alipofika hakukaa kwanza. Alipiga magoti mbele ya Ami, akalibonyeza lile goti kwa vidole gumba, taratibu, uso hauna kitu. Kisha akasimama.

"Huyu asicheze," alisema. "Hii goti imeachana huko ndani. Aende hospitali, na akae hata miezi."

Kila mtu alilitazama sinia. Nafasi ya fulbeki wa kushoto ilikuwa na mtu mmoja tu wa akiba, na mtu huyo alikuwa Kamau, mdogo wake Anko Njoroge, kijana mzuri sana aliyeuogopa mpira kama mtu anavyomwogopa mbwa.

Baba akaliinua andazi la fulbeki, akaligeuza geuza. "Ahaa," alisema. "Bwana Njoroge, si ungesema tangu ulipobisha hodi kwamba umekuja kumtafutia ndugu yako namba?"

Watu wakaangua kicheko.

"Nasema kama muuguzi, Bwana Hamad."

"Muuguzi mwenye ndugu benchi."

Wakacheka zaidi, na baba akacheka kuwashinda, kichwa nyuma, meno yote. Hata mie nilicheka, maana mzaha ulikuwa mzuri. Anko Njoroge alimtazama Ami. Ami alilitazama zulia. Basi Anko akachukua kofia yake, akamuaga mama kwa adabu, akaiacha chai yake inafuka moshi.

Jumamosi tulikwenda Shard End kwa basi. Uwanja ulikuwa mgumu kwa barafu, na chini ya soksi ya Ami mama alikuwa amemfunga kipande cha kanga. Kipindi cha kwanza winga wao hakupita. Cha pili, alijifanya anakwenda nje akaingia ndani, Ami akageuka naye, mwili ukazunguka na mguu ukabaki ulipokuwa. Sikusikia yowe. Nilisikia baba pembeni yangu akivuta pumzi, na hakuitoa.

Aliyekimbia kutoka upande wa pili wa uwanja alikuwa Anko Njoroge. Alipiga magoti kwenye barafu, akaushika ule mguu kwa mikono miwili usitikisike, akamwambia baba, "Nipe koti." Hakusema nilikwambia, si siku hiyo wala siku nyingine. Kamau aliingia kucheza huku analia.

Hospitali walimpasua, wakamfunga, wakamfungua, na goti halikukunjika tena. Ami aliacha chuo, kwa sababu mitambo inataka mtu wa kusimama kutwa. Msikitini, kijana wa miaka ishirini na moja, akawa anasali juu ya kiti mwisho wa safu, pamoja na wazee wa kikohozi. Anko Njoroge alileta koti la baba limefuliwa na kupigwa pasi, akampa mama mlangoni, hakuingia. Baba alikuwa ndani, anasikia. Hakutoka. Na Ijumaa zetu zikafa hivyo, bila mtu kuzitangaza.

Miaka yote nilijua hadithi hii ni ya baba aliyekataa kuambiwa. Mpaka sikukuu ya mwaka jana, nilipokuwa namshika Ami mkono kushuka ngazi, nikamuuliza kwa utani wangu usio na haya kwa nini hakumsikiliza muuguzi.

Alisimama kwenye kidato. "Mie ndiye niliyemtuma," alisema. "Alhamisi nilikwenda kwake Acocks Green, akalitazama, akaniambia yote. Nikamwomba aje aseme yeye, mie nisingeweza kumwambia kaka kwamba mikono yake inaniumiza."

"Na Ijumaa ulinyamaza?"

"Ulimsikia baba yako akicheka?" alisema. "Tangu tutoke Unguja alikuwa hacheki ila Ijumaa. Ningemkatizaje?"

Kisha akateremsha mguu mzima, akauvuta ule mwingine.

Anko Njoroge alilijua hilo akiwa amesimama ukumbini kwetu anachekwa, na akaondoka nalo. Baba halijui mpaka leo. Anaamini ndugu yake aliutaka ule mchezo. Kila Ijumaa hufika msikitini mapema, akamchagulia ndugu yake kiti, akakitikisa kuona kama miguu iko sawa, akakiweka mwisho wa safu na kusimama pembeni yake. Ukitaka kumsaidia kukibeba, anakukatalia.