Nyongo ya Elieza wa Maore

Siku yangu ya kwanza ya uuguzi pale Same, Bwana Mganga wa Wilaya hakunikaribisha hata chai. Alinipeleka moja kwa moja kwa mgonjwa aliyekuwa anatapika, akasema, "Kwanza tazama rangi, mengine utauliza baadaye." Uhuru ulikuwa bado mpya, nami nilijiona sana na kofia yangu nyeupe. Somo lile nililishika.

Miaka ya vijiji vya ujamaa nikahamishiwa zahanati ya Maore. Huko nikamkuta Elieza, mkulima aliyetoka kupasuliwa hospitali kubwa. Mawe yalikuwa yameziba mrija wa nyongo, yale maji machungu ya ini yanayosaidia kusaga mafuta, na madaktari wakauunga mrija huo na utumbo. Umanjano wa macho ulimtoka. Lakini tumbo likaanza kumwunguza, akawa anatapika kijani na kukonda vibaya. Vidonge vya kiungulia havikufua dafu. Kwa rangi ile nilijua nyongo inarudi tumboni, na niliogopa tutamzika.

Nikamfuata nyumbani. Mama yake, Bibi Namsifu, alimtunza kama tunavyomtunza mwanamke aliyejifungua: supu yenye samli asubuhi na jioni, kisha kulala chali. Mafuta yanaiita nyongo, na kulala kunaifungulia njia. Bibi wa watu alikwisha kuchinja karibu mbuzi wake wote, na mimi, binti mdogo machoni pake, ndiye wa kumwambia kwamba anamwumiza mwanawe.

Bwana Mganga alipokuja ukaguzi nikamweleza. Akasema, "Ukimnyang'anya sufuria, mpe kazi nyingine."

Nikarudi, nikamwamkia Bibi, nikamwambia Elieza apewe uji na ndizi kidogo kidogo, bila mafuta, na akishakula asilale.

"Kumkalisha ni kazi yako, Bibi."

Aliiepua sufuria ya supu. Kisha akauliza, "Nitamkalisha kwa kitu gani, mwanangu?"

"Kwa maneno."

Basi akawa anamsimulia ukoo wao ulivyoshuka kutoka milimani, na nani alimtorosha binti wa nani. Elieza akacheka, akasahau kulala. Kutapika kukapungua, mwili ukarudi, akashika jembe kwenye shamba la kijiji.

Siku hizi ninyi wauguzi vijana mna mpira wenye taa wa kuchungulia tumbo, na nawaonea wivu kabisa. Lakini kwa vifaa tulivyokuwa navyo tulifanya kazi, na sioni haya kujisifu.

Nilipostaafu nilikwenda kumuaga Elieza. Mafuta alikuwa bado anayakwepa. Mama yake alikwisha kufariki. Nilimkuta ameketi wima, sahani tupu mbele yake.

"Bado nakaa, Nesi," akasema. "Ila hakuna wa kunisimulia."

Nikavuta kiti.