Betri Kati ya Marobota

Mimi ni mwoga, na nisiposema hilo mapema mtu atadhani nasimulia ushujaa. Naogopa ng'ombe wenye pembe, naogopa radi, naogopa mtungi wa gesi kiasi kwamba mpaka leo napikia mkaa. Kwa hiyo wenzangu shuleni Itetemia waliposikia kwamba mwalimu wa darasa la pili, mama wa miaka arobaini na mitatu, ameagiza katapila la kuendesha kwa rimoti, walicheka wiki nzima. Mmoja aliniuliza kama nitakwenda nalo mapumziko kucheza na watoto.

Wao waliliita la kuchezea, lakini halikuwa lile la plastiki la sokoni. Lilikuwa la chuma, na mkono wake uliinuka kwa pampu ya mafuta, sawasawa na yale makubwa niliyoyaona yakichimba njia ya reli mpya, nikasimama kuyatazama mpaka nikachelewa kipindi. Uzito wake ulikaribia debe la mahindi. Ndoo yake ilikuwa na meno manne, na siku ya kwanza meno hayo yalibandua plasta ya ukuta wa jiko langu. Nilikuwa nimekosea utaratibu: rimoti inawashwa kwanza, mtambo baadaye, na wakati wa kuzima ni kinyume chake. Mimi niliwasha mtambo kwanza. Mkono ukazunguka wenyewe, nami nikajikuta juu ya kiti napiga mayowe.

Ila nililipenda. Kitabu cha maelekezo nilikisoma kama mtu anayesoma majibu ya hospitali, na kilichonitisha kuliko yote kilikuwa betri. Si ngumu kama ya tochi. Ni mifuko mitatu laini iliyofungwa pamoja. Kitabu kilisema wazi: ichajiwe kwa chaja yake tu, isiachwe peke yake, isikae karibu na vitu vinavyoshika moto, na ikivimba inaweza kulipuka. Kwangu nilikuwa naichaji ndani ya chungu, juu ya saruji, nimekaa mlangoni na ndoo ya mchanga.

Likizo ya Juni nikaenda Goweko kumwona baba, katapila likiwa ndani ya boksi lake. Baba ni mkulima wa tumbaku. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amepanda ndani ya bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku kwa moto, akateleza kwenye miti ya juu, akaanguka na kuvunjika nyonga. Tangu hapo anatembea kwa fimbo, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Na tangu hapo sikuwa nimemsikia akicheka.

Alilizunguka katapila kwa macho. "Mama, sasa hili linafanya kazi gani?" Huniita mama kwa sababu nimechukua jina la mama yake.

"Linachimba, baba."

"Linachimba nini?"

"Shimo."

"La nini?"

Nikawasha, rimoti kwanza, nikaanza kuchimba pale uani. Bado nilikuwa mwanafunzi. Nikitaka kuinua mkono nilikuwa nauzungusha, na udongo wa kwanza nilioufukua niliumwaga juu ya kandambili zake. Baba akacheka. Alicheka mpaka akaishika nyonga kwa maumivu, na bado akaendelea.

Basi kila asubuhi akawa anatoka na kigoda chake. "Leo halichimbi?" Siku ya nne shimo lilikuwa na kina cha mkono mzima, na kingo zake zimenyooka. Siku ya tano akasema, "Leo nikiamka usingizi wa mchana, nataka kulijaribu mwenyewe."

Lakini betri, niliyoijaza kabla ya kuja, ilikuwa imeisha chaji, na chaja yake nilikuwa nimeisahau Itetemia.

Hapa ndipo ningepaswa kuwa mwoga, na ndipo sikuwa. Goweko watu huchaji kila kitu kwenye betri ya sola kwa waya na vibanio, simu, redio, tochi, na sijawahi kusikia mtu amedhurika. Betri ya sola ni ya volti kumi na mbili. Yangu iliandikwa kumi na moja na kidogo. Nikajiambia ni karibu sawa. Asubuhi ile kulikuwa na wingu. Sikujua kwamba jua kali likiipiga paneli, ile betri ya sola hupandishwa mpaka kumi na nne na ushei. Nilijua tu kwamba kitabu kimekataza, na kwamba baba atacheka tena.

Halafu kulikuwa na tumbaku. Baba haamini ghala la mtu mwingine, kwa hiyo marobota hulala sebuleni mpaka siku ya soko. Yalikuwa yamepangwa kulia na kushoto mpaka karibu na bati, majani makavu ya msimu mzima, katikati imebaki njia ya kupita ubavu ubavu. Njia hiyo inaanzia mlango wa mbele na kuishia chumbani kwa baba, na hakuna mlango mwingine. Madirisha yana nondo. Betri ya sola ilikuwa katikati ya njia hiyo, kwenye pengo dogo kati ya marobota.

Nilibana vibanio, nikakaa nayo saa nzima. Haikupata hata joto. Baada ya chakula baba akaenda kulala, wingu likaondoka, nami nikatoka kusawazisha udongo wa shimo ili akute uwanja mzuri.

Niliporudi nilisikia harufu ngeni juu ya ile ya tumbaku, tamu, kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Nikaitazama betri. Ilikuwa imeumuka kama andazi, na ile karatasi yake ya nje imepasuka.

Kibanio kilikuwa umbali wa mkono wangu. Nilichotakiwa kufanya ni kukivuta, au kupita pale na kumfikia baba. Sikufanya lolote kati ya hayo. Miguu yangu iligeuka, na nilipopata fahamu nilikuwa uani, jua linaniwakia, nalia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Baba! Betri! Baba, betri!"

Neno la kumwambia lilikuwa "toka". Halikutoka.

Nikasikia kitanda kikilia. Nikasikia fimbo: inagonga sakafu, inanyamaza, inagonga. Nilikuwa nahesabu. Najua njia ile, najua ni hatua ngapi mpaka kwenye lile pengo. Ilipofika pale, fimbo ikaanguka. Sikuisikia tena. Nilitaka kwenda, naapa nilitaka, nikabaki nimesimama, nimekishika kifua changu kwa mikono yote miwili.

Kisha baba akatokea mlangoni bila fimbo, ameegemeza bega kwenye fremu. Mikono yote miwili ilikuwa kifuani. Amekunja shati lake, na ndani ya shati, imelala juu ya moyo wake, ilikuwa ile betri, kibanio kimoja bado kinaning'inia. Nyuma yake tumbaku yote ya mwaka ilikuwa pale pale. Hakuwa ameshika hata jani.

"Hii hapa, mama," alisema. "Usilie."

Hapo ndipo nilikwenda. Sijui nani alinisogeza. Niliitoa kifuani mwake, ilikuwa ya moto na laini, nikaibeba kama mtu anavyobeba yai, hatua tisa, nikaiweka ndani ya shimo na kuanza kuisukumia udongo kwa viganja. Kwanza hakikutokea kitu. Nikarudi nikamshika baba mkono tukasogea mbali. Tulipofika kwenye kigoda, udongo ukanyanyuka, moshi mweupe ukatoka kwa mlio, halafu moto wa samawati ukasimama mrefu kuliko katapila lenyewe.

Baba alitazama moto, akatazama shati lake. "Kumbe," alisema. Akakaa.

Mpaka leo natoka ofisini nikisikia harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha kwenye mikono ya walimu wenzangu.

Sasa nina chaja mbili, na betri mpya haingii nyumbani kwa baba, inakaa nje ndani ya chungu. Anaendesha katapila vizuri kuliko mimi. Na kila mgeni akija anamwonyesha lile shimo na kumsimulia jinsi binti yake alivyogundua hatari, akamwamsha, akatangulia mbio uani kuandaa mahali pa kuuzikia moto.

"Mwalimu huyu," anasema. "Akili zake ziko mbele kila wakati." Kisha ananigeukia. "Si ndivyo, mama?"

"Ndivyo, baba."