Waitikiaji wa Masaki

Nikikumbuka Jumapili zile za kwanza, ninachokiona mbele ni viti. Viti vya plastiki, vyeupe na vya buluu, vinaelea juu ya majani ya mihogo na kuja polepole hadi uwanjani kwetu. Waliovibeba kichwani huwaoni, mihogo imewazidi kimo, na ukungu wa asubuhi umechanganyika na moshi wa matanuri ya mkaa mpaka hujui kipi ni kipi. Nikifumba macho bado vinakuja. Wakati mwingine sijui kama niliviona hivyo kweli au nimeviota baadaye, na wala sijali.

Tulihamia Masaki, ya huku mashambani si ile ya mjini, tukitokea Pangani, hii ya Kibaha, mimi na mama yangu. Nilikuwa nimestaafu ualimu wa hesabu, na kule Pangani nyumba za watu zilikuwa zimetuzunguka hadi dirisha letu la jikoni likawa linatazama choo cha jirani. Nilitaka shamba na kimya, nikavipata vyote viwili. Nilichosahau kukifikiria ni kanisa. Pangani tulikuwa tunatembea dakika chache tu. Huku, usharika wetu wa Kilutheri ulikuwa mwendo mrefu wa bodaboda kwenye barabara ya mchanga, na mama alikuwa na moyo uliotanuka. Daktari alisema asipande pikipiki. Mama akasema daktari mwenyewe mtoto mdogo. Akapanda mara moja, akarudi midomo imekuwa ya kijivu, na tangu siku hiyo hatukulizungumzia tena.

Mchungaji wa usharika akaja kumwona. Akasema atakuwa anamletea Chakula cha Bwana nyumbani, kama wanavyoletewa wagonjwa wengine. Mama akakataa.

"Mimi si mgonjwa," alimwambia, amekaa kitandani, miguu imemvimba. "Ile ni meza, mchungaji. Mtu hali mezani peke yake kama mwizi. Nataka nikae na watu, waitikie, na mimi niitikie, ndipo nile."

Mchungaji alicheka. Mimi sikucheka, maana nilijua anachomaanisha. Mama alilelewa milimani, kwenye kanisa la mawe ambako liturgia iliimbwa tangu mwanzo hadi mwisho, mchungaji upande huu na watu upande ule. Kwake yeye, ibada isiyo na kuitikiana ilikuwa mkutano tu. Mchungaji akaenda kuwauliza wazee wa kanisa, akarudi na jibu: kikipatikana kikundi Masaki kinachoweza kuitikia liturgia chenyewe, atakuja na meza. Kabla ya hapo hapana, maana alikuwa na mitaa mingi, yale makanisa madogo ya usharika, ya kuizungukia.

Basi kanisa letu likaanza hivyo. Nasikia wengine huanzisha kanisa kwa maono. Mimi nilianzisha kwa sababu mama yangu alitaka kula na watu, na moyo wake haukuwa na muda wa kusubiri.

Nilizunguka. Nilimpata mke na mume wachoma mkaa, waliobatizwa zamani wakasahau walibatizwa wapi. Nikampata mshona nguo wa pale njia panda. Nikampata dereva wa bodaboda, mtu wa makamo, aliyesema yeye ni Mlutheri kwa upande wa mkewe. Baadaye wakaja wengine kutoka upande wa Msimbu, tukafika kumi na kitu. Majirani zetu karibu wote ni Waislamu, wenyeji wa hapo tangu mababu, na bibi wa nyumba ya pili ndiye aliyetuazima mikeka. Jumapili alikuwa anakaa barazani kwake akimenya mihogo na kutusikiliza, halafu Jumatatu ananitania.

"Mwalimu, jana mmeimba ileile ya juma lililopita."

"Ndiyo, bibi. Ni ileile kila Jumapili."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Hapo tunaelewana," akasema. "Hata sisi swala yetu ni ileile."

Mwalimu wa liturgia alikuwa mama. Mimi sauti sina. Niliyojaliwa ni ya kunyamazishia darasa. Tulimweka kwenye kiti chenye mto mgongoni, chini ya ukingo wa paa, naye akaimba kipande kimoja kimoja, watu wakarudia. Vitabu tulikuwa navyo vitatu tu, na mke wa mchoma mkaa hakujua kusoma, kwa hiyo wote walijifunza kwa sikio. Ulikuwa msimu wa mikorosho kutoa maua. Harufu yake tamu ilikuwa inakuja na kuondoka, na sauti ya mama, nyembamba, ilikuwa inakuja na kuondoka nayo. Kuna asubuhi nilikuwa nasinzia pale pale nimesimama, nimeshika kitabu, nikijiona mtoto tena kwenye benchi la kanisa la mawe, kichwa changu kwenye ubavu wake. Nilikuwa na furaha siku zile, na sikujua kwamba ni furaha. Nilidhani ni uchovu.

Jumapili ya tatu ndipo nilipogundua kosa. Mama alikuwa anaimba "Bwana", kisha pumzi inamkatikia. Kifua kinapanda, kinashuka, mara tatu, mara nne. Halafu ndipo anaimalizia, "utuhurumie". Na wale watu kumi na kitu, kwa adabu kabisa, walikuwa wanaimba "Bwana", wananyamaza, wanasubiri mara tatu, mara nne, halafu wote kwa pamoja, "utuhurumie". Walidhani ndivyo ilivyotungwa.

Mimi ni mwepesi wa hasira, naomba niliseme hilo. Niligonga kitabu na kiganja. "Hakuna kituo pale! Unganisheni!" Wote wakamgeukia mama, kama wanafunzi wanavyomtazama mwalimu mkuu pale mwalimu wa darasa anapokosea. Mama alikuwa anajifuta jasho, hakusikia. Jumapili iliyofuata wakanyamaza palepale. Nikamvuta pembeni mshona nguo, nikamwambia.

"Lakini mwalimu," akanijibu taratibu, "anayejua si mama yako?"

Ningewaambia nini? Kwamba ile si liturgia, ni ugonjwa? Mama mwenyewe hakujua kwamba anakata. Masikioni mwake alikuwa bado anaimba kama msichana wa milimani. Nikameza maneno yangu, ila usingizi ukaniruka. Niliona wazi mchungaji atakavyokuja, atakavyosikia watu wameshindwa neno la pili la liturgia, na atakavyofunga mkoba wake na kusema bado hawajawa tayari. Na mama alikuwa anazidi kuvimba miguu.

Siku yenyewe ikafika. Tulimbeba mama na kiti chake, watu wanne, tukamweka mbele. Meza ilikuwa ile yetu ya kulia chakula, juu yake shuka jeupe, na mbele ikaning'inia rangi ya majira ya kanisa, kijani, ambayo mshona nguo aliikata kwenye kitambaa cha sare za shule. Mchungaji akavaa kanzu yake nyeupe nyuma ya banda la kuku, kwa kuwa hakukuwa na mahali pengine pa kuvalia. Akasimama mbele yetu. Ukungu ulikuwa haujaondoka.

"Bwana," tukaimba sote.

"Utuhurumie," akaendelea mchungaji, peke yake, kwenye kimya kitupu. Akashtuka, akakatiza. Kisha watu wakaingia nyuma yake, bila wasiwasi wowote.

"Kristo." Akaenda tena peke yake. Akabaki tena peke yake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimtazama mchoma mkaa kwa jicho ambalo zamani lilikuwa linatosha kunyamazisha Darasa la Saba lote, naye akanitikisia kichwa kwa upole, kama mtu anayeniambia nisihofu, mgeni atazoea.

"Bwana." Safari hii mchungaji alinyamaza. Akainua macho kuona watu wanasubiri nini, akaona wote wanamtazama mama. Akamtazama na yeye. Kifua kikapanda, kikashuka. Kikapanda. Tukasubiri, kuku wakiparua pembeni. Kisha tukaingia sote, mchungaji pamoja nasi, na katikati ya sauti zetu nikaisikia sauti ya mama, nyembamba, lakini imo. Ndipo nilipoelewa. Kwa jinsi alivyokuwa amedhoofika, wangeimba kama nilivyotaka mimi wangemwacha nyuma.

Alipofika kwa mama na mkate, mchungaji hakuharakisha. Alisema maneno, akangoja. Mama alivuta pumzi zake zote, akasema, "Amina," akala. Nililia mbele ya watu na sikuona aibu.

Baadaye, watu wakiwa kwenye chai na mihogo ya kuchemsha, mama akaniita kwa kidole.

"Ibada nzuri," akasema. "Lakini nani amewafundisha hawa kukatakata liturgia? 'Bwana', halafu kimya. Kama wamesahau walikuwa wanamwita nani."

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa umetulia, umeshiba, na macho yalikuwa makali kama ya zamani.

"Ni mimi, mama," nikasema.

"Nilijua. Sikio huna tangu utoto. Uwarekebishe."

"Nitawarekebisha."

Alikula meza ile mara mbili zaidi, kisha moyo ukachoka. Siku hizi sisi ni mtaa kamili, tuna paa la bati na mabenchi, na wanaokuja sasa wengi hawakumjua mama. Mwalimu wa kwaya wa usharika ameshaniuliza, kwa heshima, lini nitawanyoosha watu wangu pale penye "Bwana". Nimemjibu kwamba nitawarekebisha. Kila Jumapili tunaimba "Bwana", tunanyamaza, na mimi ndiye ninayesimama mbele kuhakikisha hakuna anayeingia mapema.