Picha za Yasinta Hulala Nyumba Tatu

Saa mbili na robo asubuhi, foleni katika duka la kompyuta la Romwaldi Nchimbi, nyuma ya stendi ya Songea, imeshafika mlangoni. Anayeichelewesha ni mwanamke mmoja aliyekaa kiti cha mbele, mkoba mapajani. Sidii yake imekwisha kuchomwa na ameshalipa, lakini haondoki.

"Ifungue kwenye mashine ile nyingine," anasema.

"Mama Careen, nimeifungua hapa, umeona kwa macho yako," Romwaldi anajibu.

"Hapa ndipo ilipotengenezwa, itakosaje kufunguka? Nataka ile pale."

Mtu anaguna nyuma. Romwaldi anacheka, anaichomoa sidii na kuhamia mashine ya pili, maana anajua kwamba kubishana na Yasinta Luambano juu ya jambo hili ni kupoteza muda. Picha zinafunguka moja baada ya nyingine: watoto wa komunyo ya kwanza, bibi harusi wa Ruhuwiko, mkulima na baiskeli yake mpya. Hapo ndipo Yasinta anaposimama, anawaomba radhi waliosubiri na kwenda zake.

Yasinta, mwenye umri wa miaka 36, ni mpiga picha wa kutembea. Hana studio wala pazia la maua. Ana mkoba mmoja wa begani, na ndani yake mna kamera ndogo ya dijitali aliyouziwa na mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, betri nane, chaja, kadi mbili za kuhifadhia picha, kanga na mswaki. Hakuna zaidi.

"Barabara zetu unazijua," anasema. "Nashuka, nasukuma lori, napanda tena. Mzigo mkubwa ungeshanizika."

Mwezi ukiwa mzuri hubakiwa na kama shilingi elfu sabini. Katika hizo hutoa za kununulia sidii tupu, na hazionei uchungu. Kila picha anayopiga huilaza nyumba tatu: moja katika kompyuta ya Romwaldi, moja kwa mama mkwe wake kule Mshangano, na moja kwa dada yake kule Peramiho. Zikishafika kote huko ndipo anapoifuta kadi.

"Watu wananiona nina kichaa kidogo," anasema. "Wangejua yaliyonipata Machi, wangenyamaza."

Yaliyompata Machi mwaka huu wa 2005 yalianza na neno moja: kusafisha.

Tangu enzi za filamu, picha husafishwa. Mpiga picha hupeleka filamu kusafisha, na mteja huuliza, "Zangu umeshasafisha?" Kamera zimebadilika na filamu zinaanza kupotea madukani, lakini neno limebaki palepale. Yasinta hajawahi kulifikiria mara mbili.

Jumapili moja alirudi kutoka Namtumbo na kadi iliyojaa picha 87 za wakulima wa tumbaku. Songea hapakuwa na umeme tangu juzi yake, na Romwaldi alikuwa amefunga. Kesho yake alitakiwa Peramiho kwenye harusi. Akachukua kadi ya pili, na ile iliyojaa akaitia kwenye kifuko chake cha kitambaa na kumkabidhi mama mkwe wake, Mama Walburga, mwenye umri wa miaka 69.

"Shikamoo mama. Hizi za Namtumbo ni za kusafisha. Naziacha kwako, nikirudi nitazishughulikia."

"Marahaba mwanangu. Nenda na amani."

Mama Walburga si mtu wa kukaa na kitu kichafu akisubiri mwenyewe arudi. Alikifungua kifuko, akakuta kidude cheusi kimeingia vumbi la njiani. Akakifua kifuko kwa sabuni. Kidude akakisugua kwa stilwaya, mbele na nyuma, mpaka kikang'aa, kisha akakianika kwenye kichanja cha vyombo.

Yasinta aliporudi Jumatano alikikuta hapo, kando ya sufuria.

"Nilidhani namsaidia," anasema Mama Walburga, akijifunika uso kwa upande wa kitenge. "Niliona mkwe wangu amechoka. Nikasema, kama ni za kusafisha, kumbe mimi nafanya nini hapa nyumbani?"

Romwaldi aliijaribu kadi kwenye kila tundu alilokuwa nalo. Vile vipande vya rangi ya dhahabu mgongoni mwake vilikuwa vimeliwa na stilwaya, na kompyuta haikuona kitu. Yasinta alikasirika, kisha akalia, kisha akajipa moyo kwamba wateja angewaomba msamaha na kuwapiga upya.

Ijumaa ndipo alipokuja Zabibu, binti wa mmoja wa wale wakulima. Alikuwa ametoka Namtumbo kwa lori.

"Dada Yasinta, baba ametutoka Jumatano. Tumemzika jana."

Baba yake, Mzee Daimu, alikuwa amepigwa picha siku nne kabla, amesimama mbele ya bani lake la kukaushia tumbaku, kofia imekaa upande, akicheka. Katika miaka yake 74 hakuwahi kupigwa nyingine.

"Hiyo ndiyo tuliyo nayo," Zabibu alisema. "Nimetumwa na mama. Anauliza tu kama ilitoka vizuri."

Yasinta anakiri kwamba alishindwa kusema ukweli. Alimwambia, "Pole sana dada. Nipe siku tatu," na mwenyewe hakujua siku hizo tatu zingemsaidia nini. Mama Walburga, aliyekuwa amekaa kando akisikia kila neno, hakugusa chakula siku ile.

Kilichomjia Yasinta kilimjia kanisani Jumapili, katikati ya mahubiri. Kajetani! Karani wa ghala la tumbaku kule Namtumbo, mwenye kompyuta ya kazini inayotumia jenereta, alikuwa amemwomba picha za watoto wake, naye akamwazima kadi kwa dakika chache kabla ya kupanda lori. Karani alichukua picha gani hasa, Yasinta hakujua.

Hakusubiri baraka ya mwisho. Kilomita sabini na kitu, kwenye tope la masika, zilimchukua saa tano, na alifika ghalani amerowa hadi magotini.

"Dada Yasinta, karibu! Una bahati umenikuta," Kajetani alimwambia. "Mashine imejaa, jana nimeshinda nafuta vitu."

"Umefuta nini?"

"Mengi. Sikumbuki."

"Washa jenereta," Yasinta alimwambia.

Jenereta liliwashwa. Kajetani alitafuta huku na huku, akafungua faili moja, akasita, kisha akaanza kujitetea. Alikuwa hajui namna ya kuchagua picha za wanawe peke yake, kwa hiyo alihamisha kadi nzima, na tangu hapo alikuwa akiona haya kumwambia.

Zote 87 zilikuwemo. Ya 41 ilikuwa Mzee Daimu na kofia yake.

"Nilimkumbatia karani wa watu mbele ya wabebaji mizigo," anasema, na kicheko kinamtoka mpaka anafuta machozi. "Asante Mungu kwa watu wasiojua kuchagua."

Alizirudisha kwenye kadi yake ya pili, akaishika mkononi njia nzima hadi Mshangano. Mama Walburga alipiga magoti hapohapo uani. Lakini aliposikia kwamba kinachofuata ni kuzipeleka kwa Romwaldi akazichome, aliinuka upesi.

"Yesu na Maria! Kusafisha nimekoma, sasa wewe unataka kuzichoma?"

Zabibu alikabidhiwa picha siku iliyofuata, kubwa, ndani ya fremu, bila malipo. "Kofia yake hii," alisema, "mama alikuwa akimgombeza kila siku aivae sawa."

Mwezi huu wa Julai Yasinta anapanga safari moja ambayo hataki chochote kiingilie. Zabibu amempigia simu. Eda ya mama yake inaisha Ijumaa, na Jumamosi anataka apigwe picha, ya kwanza maishani mwake, ya ukubwa uleule.

"Nikamuuliza kwa nini haraka hivyo," Yasinta anasema, akifunga mkoba. "Zabibu akasema, mama anasema mzee amekaa ukutani peke yake miezi minne, inatosha."