Mwaisha na Mipopi ya Mzungu

Mwaisha binti Mwinjuma wa Kinole hakuwa mtu wa kusamehe, wala hakujisingizia. Mwaka reli ilipofika Morogoro, mlowezi wa Kijerumani aitwaye Heinze alilitwaa shamba la ukoo wa mama yake. Magimbi na migomba viling'olewa mama akitazama, na mama hakuimaliza masika ya mwaka ule. Mwaisha akaapa: huyu naye ataona cha mama yake kikifa.

Kisha akaenda kumwomba kazi ya bustani. Kikulacho ki nguoni mwako, na Heinze alimkaribisha mwenyewe.

Heinze alitaka mipopi, maua mekundu yenye petali laini, ndugu wa mmea unaotoa kasumba wanayovuta watu wa pwani. Mbegu zake, ndogo kuliko ulezi, alimweleza Mwaisha, zilichumwa juu ya kaburi la mama yake huko Ulaya. Alizihifadhi kwenye kopo, na kila mwaka akampa Mwaisha chache.

Mwaka wa kwanza Mwaisha alizisia kwenye kitalu, akahamisha miche kama Waluguru wafanyavyo tumbaku. Yote ikafa, isipokuwa mmoja aliousahau kitaluni, huo ukachanua. Akauchimba, akakuta mzizi mmoja mrefu, mwembamba, usiovumilia kuguswa. Akaelewa. Akauficha kabla bwana hajauona, akacheka peke yake.

Tangu hapo alipandikiza kwa bidii ya kupigiwa mfano. Alitia samadi, akamwagilia, akaitilia miche kivuli cha majani ya mgomba. Ilinyauka mmoja mmoja, na Heinze akamsifu kwa jitihada. Unafiki ni kazi ngumu, lakini Mwaisha aliipenda yake.

Mwaka wa nne kopo lilikuwa tupu. Mche wa mwisho ulipolala, Heinze alipiga magoti kando ya tuta, machozi yakimtoka.

"Mwaisha, udongo huu unataka nini?"

"Udongo hauna kosa, bwana. Maua haya hayapandikizwi. Mbegu zake humwagwa palepale yatakapokulia. Nimejua tangu mwaka wa kwanza."

"Kwa nini basi?"

"Kwa sababu na mimi nilikuwa na mama."

Alifungwa bomani miezi miwili, akiponda kokoto za barabara. Wafungwa wenzake walipomwuliza kama anajuta, alisema anajutia jambo moja tu: mche ule wa mwisho ulikufa haraka mno.