Dobi Aliyemtetea Bwana Makucha

Kabla ya dobi kuhamia mtaa huu, wapwa zangu, hakuna habari iliyosimuliwa hapa bila kupitia kwenye kiti changu cha kunyolea. Semeni kama naongopa. Kisha akaja huyu bwana, mrefu kama mlingoti, akapanga chumba kimoja pale kona. Akaweka meza yenye blanketi lililoungua, redio, na pasi mbili. Moja inafanya kazi, nyingine ipo kwa heshima tu.

Kila Jumamosi jioni redio hurusha mchezo wa yule daktari mwanamke anayepanda lifti na kushukia miaka ya nyuma. Ukiisha, dobi hupunguza sauti, hunyunyizia maji kola ya mtu, kisha huanza kuuchambua: nani kaigiza vizuri, nani kasoma kama anatangaza msiba, wapi mtunzi katudanganya. Watu hujaa mpaka mlangoni. Mke wangu hufika wa kwanza. Siku hizi kwetu hata matambara ya kufutia vumbi yamenyooka.

"Naenda kuchukua nguo tu, mume wangu."

"Nguo gani? Jana umepeleka taulo!"

"Lilikuwa na mikunjo."

Mwanamke huyu alikuwa akicheka hadithi zangu mpaka anashika ukuta. Nilikitaka kicheko kile kirudi nyumbani. Basi.

Jumamosi moja nikausikiliza mchezo saluni huku namnyoa shemeji yangu, fundi bomba. Mara nikasikia sauti ya Bwana Makucha, yule mwovu aliyetumbukia kwenye tanuru msimu uliopita. Anaongea, anacheka! Nikajua leo dobi nimempata. Nikamalizia kichwa cha watu kwa fujo, nikachukua shati langu moja, huyoo mpaka kona. Fundi bomba nyuma yangu.

"Dobi!" nikasema mbele ya wote. "Mchezo wako leo umeoza. Mtu kaungua hadi vifungo, leo kafufuka? Mtunzi kaishiwa!"

Dobi akaipeleka pasi hadi mwisho wa mkono wa shati, bila haraka.

"Kaka kinyozi, ulikuwa na mteja?"

"Lini nimekosa mteja?"

"Basi mashine ilikuwa inanguruma. Hukumsikia akisema ametokea mwaka wa kabla ya tanuru. Hajafa bado huyo. Yeye hata hamjui daktari. Daktari ndiye anayejua atakavyokufa, na wamekaa meza moja wanakunywa chai. Mimi sijasikia kurudi kwa mwovu kuzuri kama huku, na redio nimesikiliza tangu sijaota ndevu."

"Shemeji, mashine yako imenyoa na mchezo!" akadakia fundi bomba.

Chumba kikalipuka kwa vicheko. Mke wangu akashika ukuta. Ukuta wa dobi!

Tukarudi nyumbani nimenuna. Njiani mke wangu akaniuliza, "Ungekuwa wewe daktari, ungemwambia Makucha kinachomngoja?"

"Nisingemwambia. Ningemmiminia chai nyingine. Mtu asiyejua kwamba amekwisha, hata umchukie vipi, kumpiga mkono unakuwa mzito."

Akasimama katikati ya njia. "Baba wee," akasema. "Hilo neno." Tumetoka mbali na mke wangu, lakini kutazamwa vile nilikuwa nimeshasahau kulivyo. Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Jumamosi iliyofuata nikafunga saluni mapema, nikaketi mbele. Dobi akachambua, akamsifu Makucha, akamsema daktari kwa kulialia. Kisha akaisimamisha pasi.

"La mwisho si langu. Nimelipata kwa dada huyu hapa, alipoleta mapazia."

Akalisema neno langu lote, na chai yake, na mkono wake mzito. Watu wakapiga makofi. Mke wangu akainamisha uso, anatabasamu, hanitazami.

Nikafungua mdomo. Nikamwangalia alivyong'aa. Nikaufunga, nikapiga makofi kuliko wote, mpaka fundi bomba akaniinamia sikioni:

"Shemeji, lakini umelielewa?"

"Taratibu," nikamwambia. "Nitalielewa."