Aliyeshika Usukani

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mzungu mmoja aliyekuwa bwana shamba wa kahawa kwetu Karagwe alistaafu. Badala ya kwenda kwao akatulie kama mtu mwenye akili, yeye na mkewe wakanunua mashua ya tanga kule pwani. Walikuwa na nyumba ya matofali na vitanda vya springi, wakaamua kulala kwenye sanduku linaloyumba, eti wanapumzika. Mume wangu alikuwa mpishi wao, nami nikiwafulia na kuwapigia pasi. Wakatuchukua wote wawili.

Tuliteremka na pwani ya Msumbiji, kisha tukavuka hadi Ngazija. Huko kuna mlima unaofuka moshi, na mawe yake yaliyoungua yanashuka hadi majini, meusi, makali kama shoka. Mzungu kila akiuona ule moshi alishangilia. Mimi nilitazama upande ule wote nisione pa kupanda mgomba hata mmoja.

Mume wangu hakuona kitu. Tangu siku ya kwanza alilala chini kando ya jiko, kakumbatia ndoo, akimwita mama yake. Nikapika mimi. Siku upepo ulipotusukuma kwenye yale mawe, mzungu alikuwa akihangaika na tanga, mkewe akipima kina kwa kamba, na mimi nikaambiwa, "Shika!" Nikashika usukani. Tangu hapo wakaniachia kila asubuhi.

Tuliporudi kijijini kwetu Nyakasimbi, mume wangu akapona, tena akawa nahodha. Kila penye rubisi, pombe yetu ya ndizi, alisimama akayumbayumba kuonyesha mawimbi. Alisema mimi ndiye niliyelia na kutapika, na kwamba yeye aliushika usukani kwa mkono mmoja, na wa pili akanishika mimi nisianguke. Ndugu zake hawakushtuka. Kwa Kinyambo ziwa na bahari vyote ni enyanja, na enyanja ya Bukoba walikwisha kuiona. Ikabidi aongeze kwamba hii yake ina chumvi.

"Yote?" bibi yake mzaa baba akauliza.

"Yote, bibi."

"Enyanja nzima ya chumvi, nanyi mmerudi mikono mitupu?"

Bibi hakumsemesha wiki nzima.

Mwaka uliofuata wale wazungu wakaandika barua. Mume wangu, asiyejua kusoma, akatangaza kwamba anaitwa tena. Mimi nilikuwa nikiomba tuitwe. Niliwacheka wazungu na sanduku lao, lakini ule usukani nilikuwa nimeupenda. Hata nikiwa kwenye palizi viganja vyangu viliutafuta. Ruhusa ya kwenda ilikuwa mikononi mwa baba mkwe tu. Basi mume wangu akavaa koti, akawaita baba yake na wajomba, akamkabidhi mwinjilisti barua aisome kwa sauti.

Mwinjilisti akasoma: "Tunamhitaji mama aliyeshika usukani. Mume wake naye anaweza kuja, tumepata dawa ya kutapika."

Wajomba walicheka hadi mmoja akamwaga rubisi yake. Mume wangu akaanza kukagua vifungo vya koti. Baba mkwe peke yake hakucheka.

"Mwanamke wa nyumba hii hawezi kumwendesha mumewe mbele ya watu," alisema. "Waandikie kwamba hawaji."

Mwinjilisti alikuwa mtu mwema. Alishika kalamu asiandike, akanigeukia. "Mama, wewe unasemaje?"

Hata baba mkwe alinitazama, na hadi leo naamini alikuwa anangoja nimbishie. Nilipiga magoti kama inavyompasa mkamwana mbele ya tata, yaani baba.

"Kama alivyosema tata," nikasema.

Nimemcheka mume wangu maisha yangu yote kwa maneno yake ya kipumbavu. La kipumbavu kuliko yote lilisemwa siku ile, na si yeye aliyelisema.